Kitundu cha Sindano na Ushauri Mwepesi

Miongoni mwa misiba midogo iliyoingia majumbani mwetu pamoja na waya wa faiba, hakuna unaoudhi kama huu: ruta imefutwa kwa amri ya mtu aliye mbali, taa zake zimerudi kuwaka moja baada ya moja kama zilivyokuwa, hewani mna mawimbi tele, na juu ya hayo yote hapana simu hata moja, wala runinga, wala printa, wala kamera ya langoni, iliyo tayari kurudi katika mtandao ambao jana tu ilikuwa ikiutumia bila ya kuulizwa neno. Hapo watu wa nyumba huanza kumtafuta mkosaji. Na kwa kuwa kifaa kinachokataa ndicho kinachoonekana, kifaa ndicho kinacholaumiwa. Simu ya mama huambiwa imezeeka, runinga huambiwa ni ya bei rahisi, na printa, ambayo haikuwahi kupendwa na mtu, hupata sababu mpya ya kuchukiwa. Nia yangu katika makala haya ni kuvitetea vifaa hivyo, na kuipeleka lawama mahali pake, yaani kwa yule aliyetoa ushauri wa kufuta pasipo kuuliza kwanza kilichoandikwa kilikuwa nini na nani anayo nakala yake.

Yafaa kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo ndimi za watu huyachanganya kila siku. Kuizima ruta na kuiwasha tena ni jambo jepesi lisilo na madhara: mashine hupoteza yale iliyokuwa ikiyashika kwa muda, kisha huyasoma upya maagizo iliyoyahifadhi, ikaendelea na kazi yake, na vifaa vya nyumba, vikiisha kulisikia tena jina la mtandao, hurudi vyenyewe. Lakini nyuma ya ruta, karibu na matundu ya nyaya, aghalabu mna kitundu kidogo kisichoingia kidole, hufikiwa kwa ncha ya sindano au pini, na mwenye kukibonyeza akakishikilia kwa sekunde kumi hivi huwa ameirudisha mashine ile katika hali iliyokuwa nayo siku ilipotoka kiwandani. Jina la mtandao mlilolichagua hufutika. Neno la siri hufutika. Hufutika pia orodha ya vifaa mlivyoviruhusu na mlivyovikataza, anuani mlizozitenga kwa ajili ya printa na kamera, na, jambo lenye hasara kuu kuliko yote, jina na siri ambazo kampuni ya mtandao ilizitia ndani yake ili ruta yenyewe ipate kutambuliwa huko iendako.

Wenye ujuzi huijua tofauti hii na huiheshimu. Mwezi wa Mei 2018 ilipogunduliwa programu ya uharamia iliyopewa jina la VPNFilter, ambayo ilikuwa imekwisha kuingia katika ruta na mashine za jamii hiyo zisizopungua nusu milioni katika nchi 54, idara ya upelelezi ya Marekani, FBI, iliwasihi watu wazizime ruta zao na kuziwasha tena. Na watafiti wa kampuni ya Cisco, walioichunguza programu hiyo, walieleza kwamba sehemu yake ya kwanza ilikuwa na uwezo wa kubaki hata umeme ukikatika, na kwa hiyo mwenye kutaka kuing'oa kabisa hana budi kuirudisha mashine katika hali ya kiwandani. Kila hatua ilitajwa pamoja na sababu yake, na sababu ilipimwa kabla ya hatua. Sisi huku tumezoea kinyume chake: mtandao ukizorota kidogo tu, au video ikakwama katikati ya tamthilia, pini hutafutwa.

Tuje sasa kwenye kukataa kwenyewe. Simu inapoingia katika mtandao kwa mara ya kwanza huweka katika kumbukumbu yake mambo matatu yaliyoshikamana: jina la mtandao, neno la siri, na namna ya ulinzi inayotumika. Tangu siku hiyo haiulizi tena. Kila ifikapo karibu na nyumba husikiliza majina yanayotangazwa hewani, na ikilisikia lile inalolijua, herufi kwa herufi, hutaka kuingia. Nasema herufi kwa herufi kwa sababu mashine hizi hazina ihsani katika jambo hili: jina lenye herufi kubwa mwanzoni na jina lile lile lenye herufi ndogo, kwao ni mitandao miwili isiyojuana, na nafasi tupu iliyoachwa mwishoni bila ya kukusudia, ambayo jicho la mtu haliioni, yatosha kuitenga nyumba nzima.

Ruta iliyofutwa hujitangaza kwa jina la kiwandani, lile lililochapwa katika stika chini ya tumbo lake, aghalabu jina la mtengenezaji likifuatwa na tarakimu zisizo na maana kwa mtu. Simu husikiliza, hailisikii jina inalolijua, hunyamaza; na hapo haijakosa lolote. Kisha mwenye nyumba, au kijana wake mwenye kujua mambo hayo, huingia ndani ya ruta akalirudisha jina la zamani, lakini akatia neno la siri jipya kwa kuwa la zamani hakuna alikumbukaye, na hapo ndipo fitina inapoanza. Maana sasa simu inalisikia jina, inakwenda mbio kwa uhakika wa mwenyeji, inatoa siri ya zamani, na inarudishwa. Baadhi ya simu husema kuwa neno la siri si sahihi, nyingine huandika kwamba mtandao umehifadhiwa kisha zikakaa kimya, na kompyuta hutangaza kuwa haiwezi kuunganika na mtandao huu, bila ya kuongeza hata neno moja la sababu. Mfano wake ni mwana aliyerudi safari akakuta kitasa cha nyumba yao kimebadilishwa: ufunguo wake si mbovu, wala yeye si mwizi, ila mlango hauna njia ya kulijua hilo.

Nimesema inatoa siri, na huko ni kusema kwa mkato, kwa sababu siri yenyewe haitamkwi hewani abadan. Kwa mujibu wa itifaki ya WPA2, iliyoanza mwaka 2004 na ambayo hata leo ndiyo inayolinda nyumba nyingi, neno la siri, ambalo lazima liwe na herufi zisizopungua 8 wala kuzidi 63, huchanganywa na jina la mtandao, na mchanganyiko huo hupitishwa katika hesabu mara 4096 hata ukatoka ufunguo wa biti 256. Kisha ruta na simu hupelekeana jumbe nne, ambazo kwazo kila mmoja humthibitishia mwenzake kuwa anao ufunguo ule ule, pasipo yeyote kati yao kuutaja. Msomaji aangalie vizuri kwamba jina nalo limo ndani ya hesabu. Ukibadili herufi moja ya jina, ukaliacha neno la siri kama lilivyo, ufunguo utakaopatikana ni mwingine kabisa, usiofanana na ule wa kwanza hata kwa mbali. Ndiyo maana ruta haiwezi kumwambia aliyekataliwa kuwa amekosea kidogo, au kwamba alikuwa mwenyeji mpaka jana. Inachokijua ni kuwa hesabu mbili hazikulingana, basi.

Hata hivyo simu nayo ina kumbukumbu, na hapa ninao ugomvi na watengenezaji wake. Simu inajua kwamba siku zote imekuwa ikiingia katika mtandao wa jina hili kwa siri hii, na inajua kwamba leo imekataliwa. Mwenye akili ya kawaida akiyaweka mambo hayo mawili pamoja atakisia kuwa huenda siri imebadilishwa upande wa pili, na angelisema hivyo kwa maneno manyofu: siri ya mtandao huu yaelekea imebadilika, tia mpya. Badala yake simu nyingi humwambia bibi wa watu kwamba yeye amekosea neno la siri, ilhali bibi hakuandika neno lolote siku hiyo, wala hajui kuwa pana neno. Kwa nini mashine yenye uwezo wa kuitambua sura ya mtu gizani ishindwe kusema jambo rahisi kama hilo, na kumwacha mtu mzima akijiona mjinga mbele ya wajukuu wake? Mimi naliita jambo hilo upungufu wa adabu, wala silioni kuwa dogo.

Tiba ya simu ni nyepesi: katika mipangilio yake mna amri ya kuusahau mtandao, na ikiisha kuusahau itauona kama mgeni, itauliza neno la siri, na mambo yatakwisha. Taabu ipo kwa vile visivyo na kioo wala vitufe vya herufi, yaani taa zinazowashwa kwa simu, soketi, kamera, na kengele za mlangoni, ambavyo haviwezi kuulizwa wala kujibu. Kila kimoja hapo hutaka nacho kifutwe kwa namna yake, kwa kitundu chake au kwa kuzimwa na kuwashwa mara kadhaa mfululizo, kisha kifundishwe upya kwa programu yake katika simu. Na mtu aliyefuta mashine moja hujikuta juu ya ngazi, akifuta nyingine zote.

Pana sababu nyingine za kukataa, nazo nitazipitia upesi kwa kuwa hazina fitina kama ile ya kwanza. Tangu 2018 pana ulinzi mpya uitwao WPA3, na tangu 2020 hakuna kifaa kipya kinachopewa cheti cha Wi-Fi bila ya kuufahamu. Lakini majumbani mwetu simu hazitupwi, bali hutoka kwa kaka zikaenda kwa mdogo, kisha zikaishia kwa bibi, na simu ya namna hiyo, iliyozaliwa kabla ya itifaki ile, ikikuta ruta imewekwa katika WPA3 peke yake haitaingia hata upige magoti. Ruta iwekwe katika hali ya kuchanganya ya zamani na mpya, na simu itaingia.

Jambo la mawimbi lina ladha ya pwani zaidi. Ruta nyingi za sasa hutangaza katika gigahezi 2.4 na katika gigahezi 5, na tofauti yake ni kwamba ya pili ina kasi kubwa lakini hushindwa upesi na kuta. Mwenye kuishi katika nyumba ya Mji Mkongwe wa Unguja au ya Lamu, iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa na kuta nene zilizokusudiwa kulizuia jua, anajua kuwa kuta hizo huyazuia mawimbi hayo vile vile, na kwamba chumba cha pili kinaweza kuwa kama kipo ng'ambo ya mkondo. Yamkini fundi wa kwanza aliyapa mawimbi hayo majina mawili, kwa kuwa taa na kamera za bei nafuu karibu zote hazijui ila 2.4; lakini ruta ikifutwa, mara nyingi hurudi na jina moja kwa yote, na kifaa kile, kinapotakiwa kufundishwa na simu iliyokaa kwenye 5, hupotelewa. Fauka ya hayo, baadhi ya njia za gigahezi 5 hutumiwa na rada, na ruta inapozichagua hulazimika kusikiliza kwanza kwa dakika nzima kabla ya kutangaza chochote. Mwenye haraka hudhani imekufa, akaibonyeza tena, dakika ikaanza upya. Na wale waliotumiwa runinga au kompyuta na jamaa zao walioko Marekani wajue kwamba katika 2.4 huko hutumiwa njia 11, ilhali sehemu nyingine za dunia hutumia 13, na kwa hiyo kifaa cha huko, ruta ikijichagulia njia ya 12 au ya 13, huenda kisiuone mtandao kabisa, hata kikiwekwa juu ya ruta yenyewe.

Baada ya kuingia pana kupewa anuani. Kwa desturi ruta ndiyo inayozigawa, kwa muda maalumu, na kifaa kinachoomba kisijibiwe hujipa chenyewe anuani inayoanza na 169.254, ambayo ni ushahidi tosha kuwa kimefika sebuleni na hakuna aliyekipokea. Printa ndiyo mhanga mkubwa hapa. Fundi huipa anuani moja ya kudumu ili kompyuta zisiipoteze, tuseme katika ukoo wa 192.168.1, kisha ruta ikifutwa, au ikibadilishwa na ya mtengenezaji mwingine, ukoo unakuwa 192.168.0 au 192.168.100, na printa hubaki ikingoja katika mtaa ambao haupo tena. Ofisi ndogo nyingi hununua printa mpya kwa ugonjwa huu. Wauzaji hawana sababu ya kuwaeleza.

Yote hayo ni mambo ya ndani ya nyumba, na mwenye subira huyamaliza kwa jioni moja. Lililo zito ni lile la nje. Kampuni nyingi za mtandao wa waya huitambua ruta ya mteja kwa jina na siri yake maalumu, kwa itifaki iliyoandikwa mwaka 1999 na iitwayo PPPoE, nayo haihusiani na neno la siri la Wi-Fi hata kidogo. Siri hiyo fundi huitia siku ya kwanza, akaondoka nayo. Ruta iliyofutwa imeipoteza, isipokuwa kampuni iwe na njia ya kuirudisha kutoka mbali. Na hata simu zote zikirudi zikaunganika barabara, zitaandika kwamba zimeunganika lakini hapana intaneti, na mwenye nyumba atazidi kuzihangaisha simu ambazo hazina hatia.

Nilikuwepo barazani kwa jirani yangu mmoja, mama mtu mzima mwenye wajukuu, alipompigia simu kijana wa huduma kwa wateja. Niliyasikia mazungumzo yao kwa kuwa mama huyo, kama wenzake wa umri wake, hupenda kuiweka simu katika sauti kubwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mtandao umekatika tangu asubuhi, na hapa naona taa moja inamemeta nyekundu."

"Pole sana mama. Hebu angalia nyuma ya ruta, kuna kitundu kidogo. Chukua pini, bonyeza hapo, ushikilie mpaka zizime zote."

"Kitanifanyia nini hicho, baba?"

"Kitaiweka sawa tu mama, usiwe na wasiwasi."

Naye akatii. Sasa taa ile nyekundu iliyomemeta, iliyoandikwa LOS, maana yake ni moja tu katika mashine za faiba: mwanga hauingii, waya umekatika au umechomoka mahali, na hapana kitundu duniani kitakachouunganisha. Mama alikwisha kuitaja katika sentensi yake ya kwanza. Mafundi wa kuunga waya walipofika kesho yake wakauunga, ile taa ikazimika kama ipasavyo, na ruta ikawa haimjui mtu yeyote: wala kampuni, wala simu za wajukuu, wala kamera ya langoni. Mafundi walikuwa wa waya, walisema, habari za ruta zina watu wake. Kosa la nje lililokuwa moja limezaa makosa ya ndani yasiyohesabika, na yote yameandikwa katika daftari la kampuni, nina yakini, kama kazi iliyokamilika.

Simlaumu kijana yule, ambaye amewekewa mbele yake karatasi ya maswali na saa ya kuhesabu muda wa kila mteja. Namlaumu aliyeiandika karatasi, akaweka kufuta katika mstari wa mwanzo mahali ambapo palistahili swali: taa gani inawaka, na rangi yake ni ipi? Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili zipitazo chini ya bahari, Seacom ulioanza kazi Julai 2009 na EASSy uliofuata mwaka 2010, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na mtandao ukazorota Tanzania, Kenya na nchi za jirani, mahali pengine kwa siku kadhaa. Waya uliokatika ulikuwa sakafuni mwa bahari, mbali na kila sebule ya Kariakoo na Kisauni. Na sina shaka kwamba siku ile pini nyingi ziliingizwa katika vitundu vingi, na kwamba watu wengi waliomaliza siku hizo za dhiki walibaki na dhiki ya pili waliyojitengenezea kwa kushauriwa.

Yasemwa kwamba kampuni haziwezi kufanya vinginevyo, kwa sababu wateja ni wengi na mafundi ni wachache. Hoja hiyo ningeikubali kama njia ya kuisaidia ruta kutoka mbali isingekuwapo, lakini ipo tangu 2004, nayo ni itifaki ijulikanayo kama TR-069, ambayo kwayo ruta iliyofutwa, maadamu imefika tu kwenye mlango wa kampuni, inaweza kurudishiwa maagizo yake yote bila ya mtu kupanda pikipiki. Kampuni inayoitumia kwa ukamilifu inaweza hata kuurudisha mtandao wa nyumba kwa jina lile lile na siri ile ile. Wapo watakaochukia kampuni iwe na siri ya nyumba yao, na mimi ni mmoja wao. Lakini kati ya kampuni kuishika siri yangu kwa idhini yangu, na kampuni kunifuta bila ya kunipa nakala, najua lipi ningelichagua nikiulizwa. Hatuulizwi.

Kisha pana hatari ambayo watoa ushauri huu hawaitaji kabisa. Ruta ikirudi katika hali ya kiwandani hurudi pia na ufunguo wa kiwandani wa kuingilia ndani ya mipangilio yake, na katika mashine nyingi za zamani ufunguo huo ni neno moja linalojulikana dunia nzima. Ilikuwa ni kwa orodha fupi ya maneno kama hayo kwamba programu iitwayo Mirai, mwaka 2016, iliteka kamera na ruta kwa malaki na kuzitumia kuangusha huduma kubwa za mtandao. Uingereza imekwisha kulitungia sheria jambo hilo, ambayo tangu tarehe 29 Aprili 2024 inakataza kuuza vifaa vya mtandao vyenye neno la siri la pamoja. Kwetu huku mashine hizo bado zimo masanduku kwa masanduku, nyingine zikiwa zimetumika kwingine kwanza. Na kila anayeambiwa bonyeza hapo mama, usiwe na wasiwasi, anaambiwa afungue mlango ambao fundi wa kwanza, ikiwa alikuwa mwema, aliufunga.

Nawashauri wenye nyumba, kabla ya pini, wachukue simu moja ambayo imo katika mtandao au iliyokuwamo mpaka jana. Simu za Android tangu toleo la 10 la mwaka 2019 huweza kuutoa mtandao uliohifadhiwa katika picha ya mraba ya kuchanganua, na iPhone tangu iOS 16 ya mwaka 2022 huonyesha neno la siri lenyewe kwa maandishi. Liandikwe pamoja na jina, kwa herufi zake kubwa na ndogo, na ruta ikiwa haina budi kufutwa, virudishwe vyote viwili kama vilivyokuwa na katika ulinzi ule ule. Simu na runinga na taa zitarudi zenyewe, bila ya hata kimoja kuguswa, kwa kuwa hesabu ya ufunguo itatoka ile ile. Watu wengi hawaamini mpaka waone. Walio na kompyuta wanaweza kuingia katika ruta na kuhifadhi nakala ya mipangilio yote katika faili moja, ambayo huirudisha kwa dakika chache. Sehemu hiyo imo katika ruta nyingi, na ni wachache mno wanaoifungua.

Litaletwa pingamizi kwamba siri iliyoandikwa ni siri iliyopotea. Inategemea adui ni nani. Mwizi wa mtandaoni hafungui kabati la mama chumbani, na siri ya Wi-Fi ikikaa humo pamoja na hati ya nyumba na cheti cha ndoa imekaa mahali pema. Ghairi ya hivyo, nyumba ambayo wapangaji wake wameondoka kwa ugomvi, au iliyogawa neno lake kwa kila rafiki wa kila mtoto, inayo sababu ya kubadili siri kwa makusudi, na taabu ya kuvifundisha vifaa upya hapo ni gharama halali iliyokusudiwa na mwenyewe.

Kwa upande wa serikali, mamlaka ya mawasiliano ya hapa Tanzania, TCRA, na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya hazihitaji sheria ndefu. Yatosha kuziagiza kampuni kwamba fundi anapomaliza kufunga huduma aache karatasi moja yenye jina na siri ya mtandao, siri ya kuingilia katika ruta, jina na siri ya kuitambulisha ruta kwa kampuni, na maana ya kila taa iliyo mbele ya mashine kwa Kiswahili. Karatasi hiyo itiwe sahihi na pande mbili, nakala ibaki kwa mteja. Na mhudumu wa simu asiruhusiwe kumwambia mteja afute kitu kabla ya kumuuliza kama karatasi hiyo anayo mkononi, na kumsubiri akaitafute.